Kanisa lililovuliwa kanzu: kisa cha lipu ya Basilika ya Bom Jesus, Goa

Ukiegemeza kiganja kwenye ukuta wa nje wa Basilika ya Bom Jesus, katika mji mkongwe wa Goa, pwani ya magharibi ya India, kinarudi na vumbi jekundu. Ukisugua kidogo kwa kidole gumba, chembe mbili tatu zinadondoka. Jiwe lenyewe limejaa vitundu, kama uso wa mkate wa kumimina ulioumuka vizuri, na ndani ya vitundu vile mna unyevu, mna mizizi ya vijimimea, mna kuvu jeusi. Watalii husimama mbele ya ukuta huo kupiga picha, wakiamini kwamba hivyo ndivyo kanisa lilivyojengwa: jekundu, kavu, la kale.

Sivyo. Kwa takriban miaka 350 kanisa hili lilikuwa jeupe. Lilipigwa lipu ya chokaa tangu mwanzo, likawa linapakwa na kupakwa tena, kizazi baada ya kizazi. Wekundu unaoonekana leo una umri wa miaka sabini na ushei tu, na uliletwa na uamuzi wa binadamu, mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Nimelelewa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, katika nyumba ya mawe ya matumbawe. Kila baada ya masika kulikuwa na kazi isiyokwepeka: kukwangua palipovimba, kuziba nyufa, kupaka chokaa upya. Kwa hiyo nilipousimamia ukuta ule wa Goa, swali la kwanza lililonijia lilikuwa: lipu yake imekwenda wapi? Nimelifuatilia swali hilo kwa muda sasa, na kadiri ninavyolifuatilia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kanisa hili lilidhulumiwa na watu waliolipenda.

Mji uliotawala Mombasa

Wareno chini ya Afonso de Albuquerque waliitwaa Goa mwaka 1510, wakaifanya makao makuu ya dola yao yote ya Bahari ya Hindi. Amri nyingi zilizofika pwani yetu zilitoka huko, na Msumbiji iliendelea kutawaliwa kutoka Goa hadi 1752. Aliyechora ramani ya Ngome ya Yesu ya Mombasa, Mtaliano Giovanni Battista Cairati, alikuwa msanifu mkuu wa serikali hiyohiyo. Ngome ilianza kujengwa 1593. Tarehe 24 Novemba 1594, ng'ambo ya bahari, Wajesuiti, watawa wa Shirika la Yesu, wakaanza ujenzi wa kanisa la Bom Jesus, yaani Yesu Mwema. Ngome na kanisa ni watoto wa dola moja na zama moja. Moja lilijengwa kwa matumbawe na jingine kwa jiwe jekundu la bara, lakini yote mawili yalitegemea chokaa.

Fedha zilitokana na wasia wa Dom Jerónimo Mascarenhas, aliyekuwa kapteni wa Cochin na wa Hormuz, aliyefariki 1593. Mnara wa kumbukumbu yake, wenye shaba iliyopakwa dhahabu, bado umo ndani ya kanisa, ukutani, ukitazamana na mimbari. Tarehe 15 Mei 1605 Askofu Mkuu Aleixo de Menezes akalitabaruku. Ni kazi ya miaka kumi na nusu, haraka kwa jengo la ukubwa ule.

Yuko na mtu wa kwetu aliyepita mitaa ile. Yusuf bin Hasan, mwana wa sultani wa Mombasa, alipelekwa Goa akiwa mtoto baada ya baba yake kuuawa, akalelewa na watawa wa Kiaugustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Monasteri ya Waaugustino ilikuwa kilimani, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Bom Jesus. Mwaka 1631, akiwa amerudi Mombasa na kuchoshwa na dharau za Wareno, aliivamia Ngome ya Yesu na kuitwaa. Sina haja ya kukisia mawazo yake alipokuwa kijana Goa. Najua tu kwamba kanisa lililokuwa jirani yake lilikuwa jipya, na lilikuwa jeupe.

Uso wa nje na moyo wa ndani

Linaitwa kanisa la baroko, mtindo wa Ulaya wa mapambo mengi ya kuvuta macho, na vitabu vya utalii vinaliweka humo bila kusita. Mimi naona jina hilo linafaa zaidi ndani kuliko nje. Uso wa kanisa umepangwa kwa nidhamu ya Renesansi ya mwishoni, mtindo uliotangulia baroko: karibu mita 24 kwenda juu na 23 kwa upana, karibu mraba. Chini kuna milango mitatu. Juu yake madirisha matatu. Juu zaidi madirisha matatu ya duara. Na kileleni kabisa kibao cha mawe kilichochongwa herufi IHS, alama ya Shirika la Yesu, kikizungukwa na malaika na mapambo ya majani. Hakuna minara miwili ya kusimama kushoto na kulia. Mnara wa kengele umewekwa nyuma. Kila ghorofa ina nguzo za mtindo wake.

Nguzo hizo na fremu za milango na madirisha zimechongwa kwa basalti iliyoletwa kwa meli kutoka Bassein, pwani hiyohiyo upande wa kaskazini. Basalti ni jiwe gumu lenye weusi wa kijivu. Linashika nakshi, halinywi maji. Kuta zilizobaki, yaani karibu jengo zima, ni lateriti nyekundu. Nitairudia tofauti hii baadaye, kwa sababu ndiyo ufunguo wa kisa.

Ingia ndani sasa. Kanisa ni ukumbi mmoja mrefu, mita 55 hivi, usio na safu za nguzo za kuugawa. Pembeni pametulia, kuta ni nyeupe, mbao za dari ni za kawaida. Halafu kule mwisho madhabahu inakulipukia: ukuta mzima wa mbao zilizochongwa na kufunikwa dhahabu, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, nguzo zilizosokotwa kama kamba ya jahazi, malaika, mizabibu. Katikati amesimama Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, sanamu ya mita kama tatu, macho yameinuliwa kuitazama duara ya miale yenye herufi zilezile IHS. Chini yake, mdogo kabisa, Mtoto Yesu ambaye kanisa lina jina lake. Hiyo ndiyo baroko: jicho haliachwi lipumzike mpaka lifike pale mwenye jengo anapotaka. Na mikono iliyochonga ilikuwa ya mafundi wa Goa kwa sehemu kubwa, ndiyo maana majani na nyuso zile zina kitu kisichofanana na Lisbon wala Roma.

Upande wa kulia wa madhabahu kuna kaburi la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmisionari wa Kijesuiti. Jukwaa lake la marumaru na yaspi lilitolewa na Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, likachongwa na Giovanni Battista Foggini kwa muda wa miaka kumi, likasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Goa mwaka 1698. Juu yake limekaa sanduku la fedha lililofuliwa na masonara wa Goa mnamo 1636 na 1637, lenye vibao 32 vinavyosimulia maisha ya mtakatifu. Ninapenda kwamba kazi ya Firenze ndiyo iliyo chini na kazi ya masonara wa Goa ndiyo iliyo juu.

Huyu Ksaveri alitukanyagia pwani. Mwaka 1542, akitoka Msumbiji kwenda Goa, meli yake ilitia nanga Malindi, na hadi leo kiko pale kikanisa cha Wareno kinachohusishwa na ziara hiyo: kuta nyeupe, paa la makuti, makaburi machache uani. Alifia kisiwa cha Shangchuan, mlangoni mwa China, tarehe 3 Desemba 1552. Waliomzika walilijaza jeneza lake chokaa, ili nyama iishe upesi na mifupa iweze kuchukuliwa. Miezi miwili na nusu baadaye walipolifungua, mwili ulikuwa haujaharibika. Ukapelekwa Malacca, kisha Goa mwaka 1554. Chokaa iliyotarajiwa kuumaliza haikuumaliza, na imani iliyozaliwa hapo ndiyo iliyookoa kanisa hili. Magonjwa yalipoumaliza mji, makao ya serikali yalipohamia Panjim, Wajesuiti walipofukuzwa katika himaya ya Ureno mwaka 1759 na mashirika ya watawa kufutwa miaka ya 1830, majengo mengi ya Goa Kongwe yaliachwa na kubomolewa mawe. Monasteri ya Waaugustino iliyomlea Yusuf bin Hasan paa lake lilianguka 1842. Sasa umebaki nusu ya mnara. Bom Jesus lilibaki limesimama kwa sababu watu hawakuacha kuja kwa mtakatifu wao.

Jiwe linalokunywa maji

Ili kuelewa lipu ilikuwa ya nini, lazima umjue mgonjwa. Lateriti ni mwamba wa nchi za joto. Mvua na jua vinaukamua kwa muda mrefu mno, madini mengine yanachukuliwa na maji, kinachobaki ni chuma na alumini nyingi pamoja na udongo. Kwetu watu wa barabara wanaijua ikiwa changarawe: moramu. Mskoti Francis Buchanan aliipa jina hilo mwaka 1807 baada ya kuona watu wa Malabar wakiikata ardhini kama matofali. Neno la Kilatini alilolichukua maana yake ni tofali. Ikiwa bado ardhini ni laini, shoka linaingia. Ukiikata na kuianika, inakakamaa.

Lakini haikakamai sawasawa. Ndani ya tofali moja utakuta mishipa migumu ya chuma na katikati yake mifuko ya udongo laini. Maji yakipata njia, yanausomba udongo na kuacha mishipa. Vitundu vinazidi, vinaungana, vinakuwa mapango madogo. Upepo unaleta mbegu, mbegu inapata unyevu, mti wa mtini unaota ukutani, na mizizi inafanya kazi ya patasi. Aliyewahi kung'oa mtini kwenye ukuta wa gofu anajua kwamba unachong'oa ni nusu tu.

Na Goa ina maji. Kwa mwaka hupata mvua ya takriban milimita 3,000, karibu yote kati ya Juni na Septemba. Inaletwa na upepo ambao sisi tunauita kusi, uleule uliokuwa ukiyasukuma majahazi yetu kwenda India. Ukifika kule umebeba bahari nzima. Mvua haiji kwa wima tu. Inakuja kwa ubavu, inapiga kuta.

Wajenzi wa Goa, Wahindu na Wakristo, walijua hivyo zamani. Ndiyo maana walipojenga kwa lateriti waliivika. Waliokota makombe ya bahari, wakayachoma, wakapata chokaa. Wakaitia maji ikachemka na kufoka, wakaiacha ilale, wakaichanganya na mchanga. Kwetu tulichoma matumbawe juu ya tanuu la magogo, lakini kinachotendeka ni kilekile. Moto unaifukuza hewa ya ukaa kutoka kwenye kombe, maji yanaizima, halafu lipu ikishakaa ukutani inaivuta tena hewa ileile, polepole, miezi na miaka, mpaka inarudi kuwa jiwe. Ni jiwe jembamba linaloruhusu ukuta kupumua. Maji yakiingia kidogo, yanatoka kwa kukauka. Mvua ikipiga, inachakaa lipu, si ukuta. Na lipu ikichakaa unapiga nyingine.

Hiyo ni kazi ya kwanza. Kazi ya pili ilikuwa ya macho. Rudi kwenye basalti. Fikiria uso ule wa kanisa kabla ya 1950: eneo lote la ukuta ni jeupe, na juu ya weupe huo nguzo nyeusi, fremu nyeusi, duara nyeusi za madirisha, mistari ya ghorofa. Ni kama kalamu ya wino juu ya karatasi. Mchoraji alikusudia mistari isomeke kutoka mbali, jua la asubuhi au la jioni. Leo mstari mweusi umekaa juu ya uwanja mwekundu wenye mabaka, na macho yanavutwa na mabaka. Watu wanasifu rangi ya mawe ya kujazia, wakati mchoro wenyewe umemezwa.

Tiba ya mgonjwa mwingine

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Ureno ilimtuma Goa msanifu Baltazar Castro kuyashughulikia majengo ya kale. Mwaka 1952 ulikuwa unakaribia, miaka 400 tangu kifo cha Ksaveri, na mwili ungeonyeshwa kwa mahujaji kutoka kila upande. Castro hakuwa mtu mdogo wala mjinga. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika idara ya Ureno ya majengo na minara ya taifa, idara iliyosifika kwa kurejesha makanisa ya zama za kati ya kaskazini mwa nchi. Njia yao ilijulikana: ondoa kilichoongezwa, kwangua lipu, acha jiwe lionekane, jengo lirudi kwenye usafi wake wa mwanzo.

Kule kaskazini mwa Ureno jiwe ni graniti, yaani matale. Ukilivua lipu, litasimama karne nyingine bila kujali. Castro akaichukua desturi iliyotokana na graniti, akaipeleka kwenye lateriti, katika nchi yenye kusi. Lipu ya Bom Jesus ikakwanguliwa. Hapo ndipo ninapoliona kosa lenyewe, na ninalitamka bila kuzunguka: hakuliuliza jiwe, wala hakuwauliza waashi wa pale ambao babu zao walikuwa wakilipaka kila mvua zikipita.

Kuna na siasa yake. India ilikuwa imepata uhuru 1947 na ilikuwa ikiidai Goa. Serikali ya Salazar, dikteta wa Ureno, ilisisitiza kwamba Goa ni sehemu ya Ureno tangu enzi, na kanisa linaloonekana kongwe, lenye mawe wazi kama ngome za kale, lilisaidia kusimulia hadithi hiyo. Ukuta mweupe uliopakwa mwaka jana unaonekana mpya. Ukuta uliokwanguliwa unaonekana wa kale papo hapo. Wachunguzi wa historia ya urejeshaji wamelieleza hilo, na mimi nalikubali, ingawa sidhani siasa peke yake ingetosha. Castro aliamini kwa dhati kwamba jiwe ni ukweli na lipu ni pambo. Imani hiyo ilikuwa imeenea Ulaya nzima, na imefanya madhara mengi kuliko siasa.

Desemba 1961 jeshi la India likaingia Goa, utawala wa Wareno ukaisha. Kanisa likawa chini ya uangalizi wa Idara ya Akiolojia ya India. Mwaka 1986 UNESCO ikayaandikisha makanisa na nyumba za watawa za Goa katika Urithi wa Dunia, na Bom Jesus likaandikishwa likiwa katika hali yake ya sasa, bila lipu. Wekundu ukapata cheti.

Miaka sabini bila kanzu

Ukuta umeendelea kunywa. Ukiutazama kwa mbali hauoni. Ukiusogelea unaona kona za matofali zimeviringika, viungo vimeliwa, sehemu zimebonyea kiasi cha kuingia ngumi. Upande wa kaskazini, kwenye viegemeo vikubwa vinavyolishikilia kanisa, weusi wa kuvu unashuka kama machozi. Mwaka 2020 mkuu wa basilika alipaza sauti hadharani kuhusu hali ya paa na kuta mbele ya masika, na ndipo mjadala uliokuwa wa wataalamu ukawa wa watu wote: je, kanisa lirudishiwe lipu yake?

Kuna wanaokataa, na hoja zao si za kupuuzwa. Wazee wa Goa wenye miaka themanini wanalikumbuka jeupe, lakini wajukuu wao wamebatizwa, wamefunga ndoa na kuzika wazazi mbele ya ukuta mwekundu. Ndilo kanisa lililo kwenye kalenda, kwenye kadi, kwenye picha zilizotundikwa sebuleni Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam na Wagoa waliohamia huku kuwa makarani, washonaji na wapishi. Ukilipaka chokaa utakuwa umewanyang'anya kanisa wanalolijua. Zaidi ya hapo, Mkataba wa Venice wa 1964, ambao ndio msingi wa kazi hii dunia nzima, unataka mchango halali wa kila zama katika jengo uheshimiwe. Tendo la Castro nalo ni la zama fulani. Tayari ni historia.

Nimelipima hilo mara nyingi. Nadhani linakosea kwenye neno moja, "mchango". Mkataba unazungumza juu ya kilichoongezwa: madhabahu ya karne ya 17 ndani ya jengo la karne ya 16, jukwaa la Foggini, viegemeo vya kaskazini. Hivyo vyote vilileta kitu. Kukwangua lipu kulitoa tu. Tena mkataba huohuo unasema urejeshaji usimame pale kukisia kunapoanza, na hapa hakuna cha kukisia. Picha za kamera za kabla ya 1950 zipo, lipu inaonekana wazi, na basalti ya Bassein imo mahali pake ikisubiri uwanja wake mweupe.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko ng'ambo ya barabara. Kanisa Kuu la Sé, lililoanza kujengwa 1562 na kumalizika 1619, limejengwa kwa lateriti ileile, linapigwa na kusi ileile. Mnara wake mmoja ulianguka 1776 na haukujengwa tena, lakini kuta zake ni nyeupe, zimepigwa chokaa. Majengo mawili, jiwe moja, mvua moja, wakati karibu mmoja. Tofauti ni kanzu. Sijui mtafiti gani angeweza kupanga jaribio safi kuliko hilo. Kuta za Sé zikianza kuvimba, unaona doa kwenye chokaa, unakwangua, unapaka. Kuta za Bom Jesus zikivimba, kinachodondoka ni Bom Jesus.

Ninachohofia kuliko upinzani ni haraka. Siku ikiamuliwa kwamba lipu irudi, kutakuwa na mtu atakayesema saruji ni imara zaidi na inakauka upesi. Nyumba yetu ya Kiponda ilipata dawa hiyo. Fundi mmoja alitushauri tupige lipu ya saruji ukuta wa nyuma, "usahau kabisa mambo ya chokaa". Mwaka wa kwanza ulipendeza mno. Mwaka wa tatu lipu ilianza kulia tupu ukiigonga kwa kidole, na mwaka wa tano kipande cha ukubwa wa mlango kikashuka usiku na kuondoka na uso wa matumbawe. Nyuma yake ukuta ulikuwa rojorojo. Maji yaliingia kwa juu na hayakupata pa kutokea. Saruji haipumui. Juu ya lateriti iliyokwisha kunywa miaka sabini, madhara yangekuwa makubwa zaidi.

Kwa hiyo ningeanza na ukuta mmoja tu, ule wa kaskazini, usiopigwa picha sana. Ungepumzishwa ukauke misimu miwili ya kiangazi, mizizi ikiuawa kwanza kabla ya kung'olewa, matundu makubwa yakizibwa kwa vipande vya lateriti na udongo wa chokaa. Kisha lipu ya chokaa ya makombe, tabaka nyembamba, kila moja ikiachwa ishike kabla ya nyingine, kwa mikono ya waashi wa Goa waliobaki na ujuzi huo. Halafu ingeachwa ikapigwe na kusi, mvua moja, mbili, tatu, watu wakiiona. Mwenye kuupenda wekundu angepata muda wa kulinganisha kwa macho yake badala ya kuambiwa. Uso wa mbele ungekuja mwisho kabisa, baada ya watu wa Goa wenyewe kukubali.

Tarehe 21 Novemba 2024, kama ilivyo desturi ya kila baada ya miaka kumi, masalia ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri yalitolewa Bom Jesus kwa maandamano na kupelekwa Sé kuonyeshwa kwa mahujaji. Yalikaa ndani ya kuta nyeupe hadi tarehe 5 Januari 2025, yakarudishwa ng'ambo ya barabara, kwenye kuta nyekundu. Maonyesho mengine, desturi ikifuatwa, yatakuwa 2034. Kati ya sasa na hapo ukuta wa kaskazini una misimu karibu kumi ya kusi mbele yake.